Kwa nini wanyang'anyi walisulubiwa, na Paulo akapewa rufani?

Swali la msomaji: "Nasoma Mathayo 27 na Matendo 25, na jambo moja haliniingii akilini. Wanyang'anyi wawili wanasulubiwa Yerusalemu, hata majina yao hayatajwi. Paulo naye, ambaye wakuu wa mji ule ule wanataka afe, anatamka neno moja tu la rufani na liwali anamwandalia safari ya Rumi. Je, mtu aliuawa kwa kuiba tu? Na huko majimboni nani alikuwa na ruhusa ya kuua, na kwa utaratibu gani?"

Jibu:

Mwizi wa kawaida hakusulubiwa. Katika sheria ya Rumi wizi mtupu ulikuwa kesi ya mtu na mtu, karibu sawa na deni: aliyeibiwa anashtaki, mwizi akishindwa analipa mara mbili ya thamani ya kitu, au mara nne ikiwa alikamatwa nacho mkononi. Neno la Kiyunani katika Mathayo 27 si la mwizi anayenyemelea. Ni lestes, kwa Kilatini latro, na wafasiri wetu walipatia kabisa walipoandika "wanyang'anyi". Huyu ni mtu wa genge na silaha, anayevizia wasafiri njiani, na siku za fujo serikali iliwabandika waasi jina hilo hilo. Mawe ya makaburi katika majimbo mbalimbali yanasema kwamba aliyelala hapo "aliuawa na wanyang'anyi", kwa hiyo hofu yenyewe haikubuniwa na watawala.

Kati ya mwizi na mnyang'anyi alisimama mwizi wa mifugo, na msomaji yeyote anayetoka kwa wafugaji ataona kwamba wanasheria wa Rumi walilijua zizi. Callistratus, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, anajiuliza: kundi ni wanyama wangapi? Wapo waliosema kondoo kumi. Nguruwe, wanne au watano. Farasi au ng'ombe, mmoja tu anatosha. Chini ya hapo wewe ni mwizi na utalipa. Ukifika hapo wewe ni abigeus, mtu aliyeswaga mifugo ya watu, na shingo yako imo hatarini. Lakini aliyemchukua ng'ombe aliyepotea akizurura, au farasi walioachwa peke yao, alibaki kuwa mwizi tu. Kaisari Hadrianus aliliandikia baraza la Baetica, kusini mwa Hispania, kwamba waswaga mifugo wakiadhibiwa kwa ukali wa mwisho huhukumiwa upanga, ila ukali huo si wa kila mahali. Ni wa pale ambapo kosa hilo limezidi. Kwingine walipelekwa kazi ngumu, pengine kwa muda tu.

Barua hiyo ya Hadrianus inaonyesha jinsi adhabu ilivyokatwa majimboni. Mjini Rumi palikuwa na mahakama za kudumu zilizoundwa kwa sheria maalumu, kama ile ya mwaka 81 KK juu ya wauaji na watia sumu, na adhabu yake iliandikwa humo. Liwali alizijua sheria hizo, akaziegemea, lakini kesi aliisikiliza mwenyewe, akaipima mwenyewe na adhabu akaikata mwenyewe. Kwa hiyo kosa moja liliweza kumfikisha mmoja msalabani na mwingine uhamishoni kisiwani. Maswali mawili yalikuwa mazito kuliko kosa lenyewe: wewe ni nani, na liwali wenu ni nani.

Ruhusa ya kuua iliitwa haki ya upanga. Majimbo kama Asia, Afrika na Akaya yaliletewa liwali wa mwaka mmoja kutoka miongoni mwa maseneta. Majimbo yenye majeshi yalikuwa chini ya wajumbe wa Kaisari. Misri ilikuwa na mkuu wake wa pekee. Uyahudi ilipofanywa jimbo mwaka 6 BK ilipewa mtu wa daraja la chini ya useneta, Coponius, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ile, anasema wazi kwamba Kaisari alimkabidhi mamlaka yote mpaka ya kuua. Mabaraza ya miji yalibaki na makosa madogo. Ndiyo sababu katika Yohana 18:31 viongozi wanamwambia Pilato kwamba wao hawana ruhusa ya kuua mtu. Hata miji iliyoitwa "huru" ilitembea juu ya kamba nyembamba: Rodo iliwasulubisha Warumi kadhaa, na mwaka 44 Kaisari Klaudio akaunyang'anya mji huo uhuru wake.

Namna nyingine ilijaribiwa Kirene, katika Libya ya leo. Huko kesi za kifo zilikuwa mikononi mwa jopo la waamuzi, na waamuzi wenyewe walitoka katika Warumi 215 tu waliokuwa na mali ya dinari 2,500 au zaidi. Unaweza kukisia kilichotokea. Watu wale wale walikuwa washtaki, mashahidi na waamuzi kwa zamu, wakipeana nafasi, na Wayunani wasio na hatia wakauawa. Mwaka 7 au 6 KK Kaisari Augusto akaagiza kwamba mshtakiwa Myunani achague, siku moja kabla mshtaki hajaanza kusema, kama anataka waamuzi wote wawe Warumi au nusu yao wawe Wayunani. Na wote wawe wametimiza miaka 25 na wawe na mali ya dinari 7,500. Agizo lenyewe lilichongwa kwenye jiwe, nalo lilichimbuliwa sokoni Kirene. Majopo ya aina hiyo hayakuenea. Liwali peke yake ndiye aliyekuwa kawaida.

Kabla mtu hajafika mbele yake kulikuwa na mwendo mrefu. Polisi wa dola nzima hawakuwepo, wala mwendesha mashtaka wa serikali. Ilitakiwa mtu asimame, ajitaje, ashtaki. Wanyang'anyi walisakwa na walinzi wa amani wa miji, walioitwa irenarko katika majimbo ya Kiyunani, au na askari waliowekwa kwenye vituo vya barabarani. Antoninus Pius, alipokuwa bado liwali wa Asia na kabla ya kuwa Kaisari mwaka 138, alitoa amri inayoonyesha wapi mambo yalikuwa yanaharibika. Irenarko akimkamata mnyang'anyi, amhoji kuhusu wenzake na wanaowaficha, aandike, atie muhuri, apeleke. Lakini afikapo kwa liwali, mtuhumiwa asikilizwe upya kana kwamba hakuna kilichoandikwa, na irenarko mwenyewe aitwe aeleze alichoandika. Akibainika amehoji kwa hila au ameandika yasiyosemwa, aadhibiwe. Kwa maoni yangu hakuna hati nyingine ya sheria ya Rumi inayotuambia zaidi kuhusu kilichokuwa kinaendelea vituoni.

Halafu kusubiri. Liwali hakukaa mahali pamoja. Alizunguka miji maalumu ya mahakama. Baetica ilikuwa na minne: Corduba, Astigi, Hispalis na Gades. Mkuu wa Misri alifungua kikao Aleksandria, Pelusio na Memfisi. Ukikamatwa wiki moja baada ya msafara kupita, ulikaa gerezani hadi urudi. Gereza lenyewe halikuwa adhabu. Ulpianus, mwanasheria wa zama za Callistratus, anasema gereza ni la kuwazuia watu, si la kuwaadhibu, na anasema hivyo kwa sababu baadhi ya maliwali walikuwa wanafunga watu humo kama adhabu. Msafara ukifika, foleni ilikuwa ya kutisha. Karibu mwaka 209, mkuu wa Misri Subatianus Aquila alipokea mjini Arsinoe maombi 1,804 kwa muda wa siku mbili na nusu hivi. Mengi yalikuwa ya mashamba, kodi na urithi, lakini mtu aliyekuwa anangoja kujua kama ataishi alikuwa katika foleni hiyo hiyo.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Liwali aliketi kwenye kiti cha hukumu na washauri wake kando. Ndio hao liwali Festo alioshauriana nao katika Matendo 25 kabla ya kumjibu Paulo. Mshtaki alisema, mshtakiwa akajibu, karani akaandika. Kaisari Traianus aliagiza kwamba katika makosa mazito asihukumiwe mtu asiyekuwepo, wala asihukumiwe kwa kushukiwa tu, kwa kuwa ni afadhali mwenye kosa aponyoke kuliko asiye na kosa aangamie. Mtumwa akitoa ushahidi aliteswa kwanza, hiyo ilikuwa desturi. Ulpianus, ambaye hakuipinga, alikiri kwamba mateso ni kitu dhaifu na cha hatari kinachoupotosha ukweli: wapo wenye mwili mgumu wanaoyadharau, na wapo wanaosema uongo wowote ili yaishe.

Ukitaka kuiona kesi kwa karibu, nenda Karthago, katika Tunisia ya leo, tarehe 17 Julai mwaka 180. Kumbukumbu yake imebaki. Mbele ya liwali Saturninus, katika chumba cha faragha cha mahakama, wameletwa Wakristo kutoka Scillium. Msemaji wao ni Speratus. Liwali anawaambia watapata msamaha wakirudia akili timamu, wanakataa. Anauliza mna nini ndani ya kasha lenu. Speratus anajibu, vitabu na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Liwali anawapa siku 30 wafikiri. Speratus anasema jambo lililo wazi namna hii halihitaji kufikiriwa. Basi liwali anasoma hukumu kutoka kwenye kibao, kwa maana hukumu ilipaswa kuandikwa na kusomwa, si kutamkwa kwa hasira: wamepewa nafasi ya kurudia desturi za Kirumi, wameshikilia ukaidi, wauawe kwa upanga. Mpiga mbiu anayataja majina yao, watu kumi na wawili. Wanauawa siku hiyo hiyo. Maandishi yote hujaza kama ukurasa mmoja.

Sasa Paulo. Sheria ya Kijulio juu ya mabavu ilimfanya afisa yeyote kuwa mkosaji kama angemwua, angempiga, angemtesa au angemfunga raia wa Rumi aliyetaka rufani. Ndiyo maana jemadari Klaudio Lisia aliogopa, Matendo 22, alipojua kwamba mtu aliyekwisha kumfunga kamba ni raia. Uraia haukufuata mahali ulipozaliwa wala lugha yako. Paulo alikuwa nao kwa kuzaliwa, Lisia aliununua kwa mali nyingi. Wale wanyang'anyi wawili, kwa kila dalili, hawakuwa nao. Kwao neno la mwisho lilikuwa la Pilato.

Kinga hiyo ilikuwa ya kweli, ila ilitegemea liwali kuiheshimu. Verres, liwali wa Sicilia kuanzia mwaka 73 hadi 71 KK, alimpiga mijeledi sokoni Messana mtu aitwaye Gavius, ambaye kwa kila pigo alikuwa akilia tu, "Mimi ni raia wa Rumi." Kisha akamsulubisha ufukoni, mahali anapoiona Italia ng'ambo ya mlango wa bahari. Cicero, msemaji mashuhuri wa Rumi, ndiye aliyemshtaki Verres. Plinius, liwali wa Bithinia na Ponto karibu mwaka 111, aliwaua Wakristo wasio raia na kuwaandikia raia wapelekwe Rumi, kama sheria ilivyotaka. Lyon, katika Ufaransa ya leo, mwaka 177 liwali alimwuliza Kaisari kuhusu Wakristo, akajibiwa wanaokiri wauawe na wanaokana waachiliwe. Basi raia akawakata vichwa na wengine akawatupia wanyama. Na bado akamtupia wanyama Attalus, raia, kwa kuufurahisha umati.

Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu huru wote wa dola, na hapo ungetegemea msalaba upungue. Haukupungua, kwa sababu mstari ulikuwa umeshahamishwa. Sheria za karne ya 2 na ya 3 zinawagawa watu kuwa waheshimiwa na wanyonge. Waheshimiwa ni maseneta, watu wa daraja la pili (lile la chini ya maseneta), madiwani wa miji na askari wastaafu. Diwani hakusulubiwa, hakutupiwa wanyama, hakupelekwa migodini. Kwa kosa ambalo mkulima angefia, yeye alihamishwa, pengine kisiwani. Aliyechoma nyumba mjini kwa uadui au kwa kupora, kama ni mnyonge, mara nyingi alichomwa moto yeye mwenyewe.

Vifo vilikuwa na ngazi. Wa juu kwa heshima ulikuwa upanga, na Ulpianus anasisitiza: upanga, si shoka, si mkuki, si rungu, si kitanzi. Chini yake vilikuwa vile vya aibu: msalaba, moto, wanyama. Migodi haikuhesabiwa kuwa kifo, lakini ilimfanya mtu kuwa mtumwa wa adhabu, mali yake ikatwaliwa, na wengi hawakurudi. Mwanamke mjamzito hakuuawa mpaka ajifungue. Aliyemwua mzazi wake alishonwa ndani ya gunia pamoja na mbwa, jogoo, nyoka na nyani, akatupwa baharini. Na majimbo yasiyo na bahari? Hadrianus alishafikiria hilo: huko atupiwe wanyama.

Msalaba ulikuwa kazi yenye mafundi na malipo. Hati bora tuliyo nayo ni ya Puteoli, ambako ni Italia na si jimboni, lakini kazi ni ile ile. Mkandarasi wa mazishi wa mji ndiye aliyepewa pia kazi ya adhabu. Bwana akitaka kumsulubisha mtumwa wake, mkandarasi analeta nguzo, kamba na wapiga mijeledi. Bwana analipa sarafu 4 za sesterti kwa kila mchukuzi wa boriti, kwa kila mpiga mijeledi, na kwa mwuaji pia. Hakimu wa mji akiagiza, mkandarasi anafanya bure, naye anatoa misumari, lami, nta na mishumaa. Jimboni kazi hiyo walipewa askari chini ya akida. Mifupa inayothibitisha ni michache sana, kwa sababu misumari ilichomolewa ikatumika tena. Kisigino kilichopatikana Yerusalemu mwaka 1968 kilibaki na msumari wake wa sentimita 11.5 kwa kuwa ncha yake ilikuwa imepinda na haikutoka. Kingine chenye msumari kilipatikana Fenstanton, Uingereza, mwaka 2017.

Mahali pa kusulubisha palichaguliwa. Callistratus anaandika kwamba wanyang'anyi maarufu watundikwe pale pale walipokuwa wakivamia, ili wengine waone na kuogopa, na ndugu za waliouawa wapate faraja.

Nia ya mtu ilihesabiwa kuliko wengi wanavyodhani. Hadrianus aliandika: watu wakigombana, na mmoja akampiga mwenzake kwa upanga, huyo alitaka kuua, lakini akimpiga kwa ufunguo wa chuma au chungu cha kupikia na mtu akafa, aonewe huruma. (Funguo za Kirumi zilikuwa vyuma vizito, usifikirie za kwetu.) Kaisari Marcus Aurelius na mwanawe waliandikiwa kuhusu Aelius Priscus, aliyemwua mama yake. Jibu lao: kama kweli ana wazimu usiokoma, wazimu wenyewe umekwisha kumwadhibu, alindwe, afungwe ikibidi, lakini chunguza kama alitenda katika saa ambayo akili ilikuwa imemrudia.

Basi mambo yalivunjika wapi? Kwanza kwenye fedha. Mwaka 100 Marius Priscus, aliyekuwa liwali wa Afrika, alishtakiwa mbele ya seneti, Plinius na Tacitus wakiwa mawakili wa waliodhulumiwa. Ilitajwa kwamba alipokea sesterti 300,000 ili amhamishe mtu mmoja wa daraja la pili na kuwaua rafiki zake saba. Na sesterti 700,000 ili mwingine wa daraja hilo hilo apigwe marungu, apelekwe migodini, mwishoni anyongwe gerezani. Adhabu ya Priscus? Alizilipa zile 700,000 kwenye hazina ya Rumi na akafukuzwa Rumi na Italia, basi. Pili kwenye kiburi: Volesus Messalla, liwali wa Asia chini ya Augusto, aliua watu 300 kwa shoka siku moja, akatembea kati ya maiti akijisifu kwamba ni kazi ya kifalme.

Tatu kwenye umati. Katika hati ya mafunjo ya mwaka 85, mkuu wa Misri Septimius Vegetus anamwambia Phibion, aliyemfungia mtu mwungwana na wanawake kwa mamlaka yake mwenyewe: ulistahili mijeledi, lakini nakupa kwa umati. Baraba hakuwa peke yake. Baadaye mwanasheria Modestinus anaonya kwamba liwali asiwaachilie waliohukumiwa wanyama kwa sababu tu watu wanapiga kelele. Na nne kwenye uzembe, kitu ambacho filamu hazionyeshi kamwe. Plinius alikuta Nikomedia na Nikea watu waliohukumiwa migodi au michezo ya uwanjani wakifanya kazi kama watumishi wa mji, wakilipwa mshahara. Traianus akajibu: waliohukumiwa ndani ya miaka kumi warudishwe kwenye adhabu yao, wa zamani zaidi na wazee wapewe kazi za bafu, kusafisha mifereji ya maji machafu na kutengeneza barabara.

Mambo mawili katika Injili yanasomeka vizuri zaidi ukizijua sheria hizi. Yusufu wa Arimathaya kumwomba Pilato mwili hakukuwa jambo la ajabu: Ulpianus anasema ndugu wasinyimwe miili, na Paulus, mwanasheria mwenzake, anasema apewe yeyote anayeiomba kwa maziko, ijapokuwa katika uhaini mara nyingine ilinyimwa. Nayo nguo zilizogawanywa kwa askari zilikuwa stahili yao ya mazoea, iliyoitwa pannicularia. Baadaye ilibanwa. Ulpianus anaeleza kwamba zinazohesabiwa ni nguo alizovaa marehemu, sarafu ndogo za chakula alizokuwa nazo kiunoni na pete nyepesi, jumla isizidi sarafu 5 za dhahabu. Na wauaji na wasimamizi wa gereza wasijichukulie. Maliwali waliziweka kando pesa hizo kwa matumizi ya ofisi, zawadi za askari hodari, na kununua karatasi za kuandikia.